Usiipuuze Hewa: Fizikia ya Ungo wa Nyambureti

Kiangazi, saa kumi alasiri, upepo unapoamka, shangazi yangu hasemi na mtu. Ulezi umepurwa tangu asubuhi, masuke yamepigwa fimbo mpaka yakalegea, na katikati ya turubai kuna chungu ya mchanganyiko: punje ndogo za rangi ya kahawia zimezama ndani ya makapi. Anachota konzi moja ya makapi matupu, ananyoosha mkono, anayaachia. Anayatazama yanavyokwenda mpaka yanapotua. Kisha anajaza ungo, anauinua hadi usawa wa paji la uso na kuanza kuutikisa, taratibu, mdomo wa ungo ukiwa umeinama kidogo tu.

Punje zinashuka karibu na miguu yake. Makapi yanaondoka kama moshi, yanavuka ukingo wa turubai na kutua kwenye majani ambako kuku wanayasubiri.

Hii ni Nyambureti, kata ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara. Ng'ambo ya Mto Mara ni Tarime. Ulezi na mtama vimepepetwa kwenye nyanda hizi na bibi zetu, na bibi za bibi zetu, na kwa miaka mingi nimemwona shangazi akifanya jambo moja ambalo utotoni sikulielewa. Upepo ukilegea, mikono yake inapanda juu zaidi. Upepo ukikaza, ungo unashuka mpaka kifuani, mara nyingine mpaka kiunoni. Hapimi wala hahesabu. Anajua kwamba kitu kikikaa hewani muda mrefu upepo unapata nafasi ya kukipeleka mbali, na kwamba urefu wa kuanguka ndio unaoamua muda huo.

Nilipofika sekondari nikakutana na jiwe. Kila aliyesoma fizikia Tanzania analijua jiwe hilo. Linaangushwa kutoka juu ya jengo la mita 45, unaulizwa litachukua muda gani kufika chini. Swali lilikuwa la Kiingereza, lakini mimi nalikumbuka kwa Kiswahili, na nakumbuka zaidi sentensi yake ya mwisho: puuza ukinzani wa hewa. Jibu ni sekunde 3, mchapuko wa uvutano ukichukuliwa kuwa 10. Tulipata alama zetu. Hakuna aliyeuliza kwa nini tuipuuze hewa, sisi ambao nyumbani tulikula ulezi uliosafishwa na hewa hiyo hiyo.

Sisemi kwamba swali lile ni baya. Mwanafunzi lazima aanzie mahali, na kwa jiwe zito lililoangushwa kutoka juu ya nyumba, hewa haibadilishi mengi. Lakini sentensi ile ilirudiwa mara nyingi mno, kwa miaka mingi mno, mpaka ikageuka kutoka kurahisisha hesabu ikawa maelezo ya dunia. Tukatoka shuleni tukiamini kwamba fizikia ni ya mahali pasipo na upepo. Na mtoto aliyejua zaidi kuhusu kuanguka kwa vitu kuliko kitabu chake, kwa kuwa amelishika turubai tangu ana miaka sita, akajiona hajui kitu.

Nchi hii ina mfano wake mkubwa wa jambo hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu akaona maziwa aliyoyaweka kwenye friji yakiwa ya moto yameganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza, alichekwa. Aliendelea kuuliza mpaka alipompata Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekubali kulijaribu swali lake maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao. Leo jina la Mpemba liko kwenye vitabu vya fizikia duniani kote, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu alichokiona. Kilichonigusa mimi ni kwamba alikileta shuleni kitu kutoka jikoni na hakukubali kukiacha mlangoni.

Kwa hiyo mwaka huu nilimwomba shangazi ruhusa ya kuuingiza ungo wake kwenye kompyuta.

Hesabu ya punje moja

Kitu kinachoanguka kina mabwana wawili. Dunia inakivuta chini kwa kani isiyochoka, na hewa inakizuia kwa kani inayokua kila kinapoongeza mwendo. Ukinzani wa hewa hutegemea vitu vinne: msongamano wa hewa yenyewe, ukubwa wa uso wa kitu unaoikabili hewa, umbo lake, na mwendokasi wake ukizidishwa kwa wenyewe. Hicho cha mwisho ndicho chenye makali. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, ukinzani mara tisa. Ndiyo maana hakuna kinachoongeza mwendo milele. Hufika wakati ukinzani unalingana na uzito, na kuanzia hapo kitu hushuka kwa mwendo uleule mpaka chini. Wanafizikia huuita mwendokasi kikomo.

Matone ya mvua yanatuonyesha thamani ya jambo hilo. Tone la milimita 2 likidondoka kutoka wingu lililo kilomita 2 juu yetu, hewa inalishika lisizidi mita 6 na nusu hivi kwa sekunde. Bila hewa lingefika chini likiwa na zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Hakuna jani la mhindi ambalo lingesalimika masika.

Isaac Newton alilipima hili mwaka 1710 kwa kuangusha mipira ya kioo ndani ya kanisa kuu la St Paul's, London, kutoka mita kama 67. Mipira iliyojazwa zebaki ilifika chini kwa sekunde 4 hivi. Iliyokuwa na hewa tupu ndani ilichukua karibu sekunde 8. Umbo lilikuwa moja na urefu mmoja. Uzito na ukubwa ndivyo vilivyotofautiana. Shangazi hahitaji London kulijua hilo.

Nikaanza na punje. Punje ya ulezi ina kipenyo cha milimita moja na nusu hivi, na uzito wake ni kama miligramu 2 na kidogo. Punje elfu moja hazifiki gramu 3. Kisha nikatafuta namba za mahali petu. Vitabu vya shule hutumia mchapuko wa 9.8 au 10 kwa urahisi. Kwenye ncha za dunia ni 9.83. Sisi tuko chini ya digrii 2 kusini mwa Ikweta, na tuko juu: Ziwa Victoria lenyewe lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko juu zaidi ya ziwa. Nikichukua mita 1,400, mchapuko wetu ni 9.776. Tofauti hiyo ni ndogo, haimsumbui mtu. Hewa ndiyo inayotofautiana kweli. Dar es Salaam, siku ya joto, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1.17. Kwetu ni kilo 1 hivi. Hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo vitu vinaanguka hapa kwa mwendokasi kikomo uliozidi wa pwani kwa asilimia 8 hivi. Punje ya ulezi ikiangushwa pwani na nyingine ikiangushwa Nyambureti hazifiki chini sawasawa, na sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipolazimika kuiambia kompyuta ni hewa ya wapi.

Kwa namba hizo punje inapata mwendokasi kikomo wa mita 6.7 kwa sekunde. Kwa kapi nilichukua mita 1.2, kwa kuwa ni jepesi na limetandaa kama kiganja.

Programu yenyewe haina uchawi. Kompyuta haijui kuanguka ni nini. Unachofanya ni kuukatakata muda vipande vidogo sana, halafu katika kila kipande unauliza maswali yaleyale: sasa hivi kitu kina mwendo gani, hewa inakizuia kiasi gani, kwa hiyo mwendo utabadilika kiasi gani kabla ya kipande kijacho, na kitakuwa kimefika wapi. Njia hii ni ya Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, aliyeifanya kwa kalamu. Mwalimu anaweza kuiweka ubaoni au kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila kipande cha muda. Nimeiandika kwa Python, lugha ya programu ambayo haiuzwi, na haikufika mistari 40.

Upepo nikauweka mita 2 kwa sekunde, ule unaotikisa majani bila kuinua vumbi. Ungo mita moja na nusu kutoka chini.

Punje ilitua baada ya sekunde 0.58, ikiwa imesogezwa na upepo sentimita 17 tu, chini ya shubiri moja. Kapi lilichukua zaidi ya sekunde moja na robo, na likatua karibu mita 2 na nusu mbali. Nilitoka nje na futi kamba. Ukingo wa turubai upande wa kuku ulikuwa mita 2 kasoro kutoka alipokuwa amesimama shangazi. Aliupanga hivyo bila kuuliza mtu, na kapi la kompyuta liliangukia ng'ambo ya ukingo huo, pale pale makapi yake yalipokuwa yamelala.

Kapi lililopaa

Kabla ya hapo nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe linafundisha kuliko jibu.

Mara ya kwanza nilivikata vipande vya muda vikubwa mno, sekunde 0.2 kila kimoja, upepo ukiwa bado haujawekwa. Kapi likaachiwa. Kipande cha kwanza kikaisha likiwa na mwendo wa mita 1.96 kwa sekunde kwenda chini. Hapo hapo kompyuta ikaona kwamba ukinzani wa mwendo huo ni mkubwa kuliko uzito mara mbili na zaidi, ikautumia ukinzani huo kwa sekunde 0.2 nzima bila kuangalia tena, na kapi likageuka: mita 1.28 kwa sekunde, kwenda juu. Kipande kilichofuata, chini tena kwa mita 2.9. Kilichofuata, juu kwa 6.6. Kila mgeuko ulikuwa mkali kuliko uliotangulia, na baada ya muda si mrefu kapi la ulezi lilikuwa limeruka nje ya kioo na nje ya akili.

Hewa haiwezi kukirudisha juu kitu kinachoanguka kwenye hewa tulivu; inaweza tu kukipunguza mwendo. Kompyuta ilikuwa imetii kila neno nililoliandika, na ikatoa jambo lisilowezekana. Dawa yake ina kipimo: gawanya mwendokasi kikomo kwa mchapuko, na kipande chako cha muda kiwe kidogo sana kuliko jibu hilo. Kwa kapi jibu ni sekunde 0.12. Kwa punje ni karibu 0.7, ndiyo maana kwa vipande vilevile vya 0.2 punje ilianguka vizuri tu, na laiti ningeijaribu punje peke yake nisingejua kamwe kwamba programu yangu ni mgonjwa. Nilipotumia vipande vya sekunde 0.01, kapi likatulia kwenye 1.2 na halikutikisika tena.

Kilichoniokoa ni kwamba nimeona makapi yakianguka maisha yangu yote. Mtu asiyewahi kuyaona angeweza kuketi na kutafuta sababu ya makapi kupaa.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa vijana wetu wanaotengeneza michezo ya kompyuta, ambao sasa wapo hata katika miji midogo. Programu maarufu za kutengenezea michezo, kama Unity na Box2D, zina sehemu ya kuweka uvutano na sehemu ya kuweka ukinzani. Ukinzani huo kwa kawaida si ule wa hewa niliousimulia. Ni namba moja inayopunguza mwendo kwa sehemu fulani kila mara, bila kuuliza uzito wa kitu wala upana wake. Weka punje na kapi humo, uzipe namba moja, ziachie. Zitatua pamoja, bega kwa bega. Ni ungo usiotenganisha kitu. Waliozitengeneza hawakukosea, mchezo unahitaji wepesi, na kwa chembe ndogo kabisa kama vumbi ukinzani hufuata kanuni inayokaribiana na hiyo. Ila mwenye kutaka hewa ya kweli lazima aiandike mwenyewe, mstari mmoja wa ziada, wenye mwendo uliozidishwa kwa wenyewe na uso wa kitu ndani yake.

Kwa mwalimu asiye na muda wa kuandika programu kuna maonyesho ya bure ya mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001. Baadhi ya maonyesho hayo yametafsiriwa kwa Kiswahili, na yakishapakuliwa hayahitaji intaneti. Limo moja la vitu vinavyorushwa angani, kutoka mpira hadi boga hadi piano, na lina kisanduku kidogo cha kuwasha na kuzima ukinzani wa hewa. Kisanduku hicho ndicho ninachokitaka kila darasa la Mara likione. Mwanafunzi azime hewa, aone jiwe la mtihani. Aiwashe, aone uwanja wa nyumbani kwao. Na akitaka mahali ambapo sentensi ya mtihani ni kweli tupu, basi ni Mwezini: Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya wa ndege mbele ya kamera, vikatua pamoja.

Mawe ya Mbale

Afrika Mashariki imewahi kupepetewa mawe kutoka mbinguni, na aliyepepeta ni hewa.

Tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika 40 alasiri, watu wa Mbale, mashariki mwa Uganda, walisikia mlipuko. Kisha mawe yakaanza kushuka. Yaliangukia mashamba, mapaa na njia, katika eneo la kilomita 3 kwa 7. Kimondo kilikuwa kimevunjika angani. Watafiti walifika kutoka Uholanzi, wakashirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakatembea kwa wananchi kuuliza: lako lilianguka wapi, lilikuwa na uzito gani? Walirekodi mahali 48, na mawe yaliyookotwa yalifikia jumla ya kilo 150 hivi. Kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27.4. Ripoti yao ilitoka mwaka 1994.

Ndani ya ripoti hiyo kuna mtoto wa kiume. Kijiwe cha gramu 3.6 kiligonga majani ya mgomba, kikaruka, kikampiga kichwani. Hakuumia sana.

Nimelifikiria jiwe hilo mara nyingi kuliko jiwe la mtihani. Kitu kinachoivamia dunia kutoka anga za juu huingia na mwendo usiopungua kilomita 11 kwa sekunde. Gramu 3.6 kwa mwendo huo zina nishati sawa na gari la tani moja linalokimbia kilomita 75 kwa saa. Hilo ndilo ambalo lingempata mtoto wa Mbale kama hewa ingepuuzwa. Nikaliweka jiwe lake kwenye programu ileile niliyoipimia ulezi, nikabadilisha namba tu. Hewa ya Mbale ililipunguza mpaka mita 28 hivi kwa sekunde, kama kilomita 100 kwa saa, na kwa wepesi wake hilo si pigo kubwa: ni kama embe dogo la gramu 150 kudondoka kutoka tawi lililo mita moja juu ya kichwa chako. Halafu mgomba ukapunguza tena.

Lile la kilo 27.4 kwa hesabu hiyohiyo linashuka kwa karibu kilomita 450 kwa saa. Yalikuwa mwamba mmoja dakika chache nyuma. Tofauti ni kwamba jiwe linapokua, uzito wake unakua haraka kuliko uso wake, na hewa haiwezi kulizuia kama inavyozuia vidogo.

Hivyo mawe hayakutawanyika ovyo. Kila kimondo kinapovunjika, vipande vizito husonga mbele katika uelekeo wa safari yao, na vyepesi huishiwa mwendo mapema, vikabaki nyuma na kupeperushwa na upepo. Ramani ya yaliyookotwa Mbale iliwapa watafiti nafasi ya kurudi nyuma kwa hesabu na kuikadiria njia aliyoipita mgeni huyo angani. Uwanjani kwetu chepesi ndicho kinachokwenda mbali, kwa sababu upepo ndio unaosafiri. Angani kizito ndicho kilichokwenda mbali, kwa sababu chenyewe ndicho kilichokuwa safarini. Kanuni ni moja. Kama ungemweka shangazi mbele ya ramani ya Mbale, naamini angekuambia upande kimondo kilikotoka.

Hesabu hizi zina kazi za leo. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa kama mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Vitu kama hivyo hutarajiwa kuungua njiani au kuangukia bahari. Anayekadiria kitakapotua anafanya kazi ya kupepeta, kutoka juu sana.

Na kuna mvua ya mawe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, Kata ya Mwakata wilayani Kahama, hapo Shinyanga, ilipigwa na mvua ya mawe na upepo iliyoua watu zaidi ya 40. Kanda ya Ziwa haijasahau. Tukiwa watoto tulikimbilia mawe ya mvua tukayala kama peremende, na hayo yalikuwa ya sentimita moja, yanayoshuka mita 14 kwa sekunde. Jiwe la sentimita 4 lina upana mara nne tu. Linashuka mara mbili ya mwendo huo, lina uzito mara 64, na linapiga kwa nishati mara 256. Nililiangalia jibu hilo muda mrefu. Wazee wanaosema mvua fulani ilikuwa mbaya "kupita zote" huwa tunawadhania wanatia chumvi. Namba zinasema mvua inayofanana na nyingine kwa macho inaweza kuizidi mara mia mbili na zaidi. Kwenye nyumba za tope na paa la bati lililoshikiliwa na misumari michache, hiyo ndiyo tofauti ya kulala na kutoamka. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuikokotoa. Anahitaji tu mtu asimwambie aipuuze hewa.

Upepo usiopumua

Jioni ile nilimpelekea shangazi simu. Nilikuwa nimeweka nukta nyekundu kwa punje na nyeupe kwa makapi, zinadondoka kutoka kwenye mstari mfupi ambao ndio ungo. Nyekundu zikajipanga chungu moja nadhifu. Nyeupe zikatua mbali. Alikaa kwenye kigoda, akaishika simu kwa mikono miwili, akatazama mzunguko mzima mpaka ulezi wa kwenye kioo ukaisha.

"Baba," akaniambia, "upepo wako haupumui."

Nilimwelewa papo hapo. Nilikuwa nimeuweka mita 2 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho, kama maji ya bomba. Upepo wa Nyambureti unakuja kwa mafungu. Unavuta, unaacha, unafikiri, unavuta tena. Nikaketi hapo hapo kwenye ukingo wa turubai nikabadilisha: upepo upande hadi mita 3, ushuke hadi sifuri, kila sekunde chache, bila mpangilio. Nikauachia. Kila upepo ulipokata, nukta nyeupe zilishuka wima na kuzama ndani ya nyekundu, na mwisho wake chungu ikawa imechafuka kama haijapepetwa. Namba zangu zote zilikuwa sahihi na ulezi ulikuwa haufai kusagwa.

Shangazi hakushangaa. Alinirudishia simu, akanyanyuka, akajaza ungo wa mwisho kabla jua halijashuka nyuma ya miti. Safari hii sikuyatazama makapi. Niliitazama mikono yake. Ilitikisa, ikasimama. Ikatikisa tena, ikasimama, na kila iliposimama nilihesabu moyoni na kukuta upepo umekata kabla sijatamka moja. Alikuwa akisikia kitu shingoni au masikioni ambacho mimi nilikigundua pale tu makapi yaliposita.

Nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: upepo ukiwa chini ya mita moja kwa sekunde, usidondoshe kitu. Nikaibonyeza ianze. Kwenye kioo mstari mfupi ulisimama kimya, bila nukta hata moja chini yake. Nikainua macho. Shangazi naye alikuwa amesimama, ungo juu, umejaa, akisubiri.